Mizunguko Ishirini na Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na muuguzi siku ya kutoka hospitali. Niandike hali yangu kila siku: usingizi, maumivu, jambo lolote lisilo la kawaida. Daktari atalipitia. Nimelifungua leo, wiki tatu baadaye, na nimeamua kwamba halitapitiwa na mtu. Daktari mwenyewe anavaa saa ya plastiki. Mtu wa namna hiyo apitie nini?

Kwanza, hali ilivyo. Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na nne, korido ileile, chini ya ngazi zilezile. Juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu: SAA ZA UFUNGUO TU. BETRI HAPANA. Nimefukuza wateja kwa ajili ya bango hilo. Nimewaambia kuwa saa ya betri ni maiti iliyopewa tochi. Watu wakacheka, wakayarudia maneno hayo mjini, nikapata jina.

Pili, yaliyonikuta. Moyo wangu ulianza kuchelewa. Nikaanguka bafuni. Wakanilaza, wakanipasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakaweka kidude cha kuusukuma moyo ukizembea. Kidude kiko chini ya ngozi, waya wake umepita kwenye mshipa hadi moyoni. Nilipozinduka nilimuuliza muuguzi kinatiwa ufunguo namna gani. Akacheka. Akasema hakitiwi ufunguo baba, hiyo ni betri ya moyo, utakaa nayo miaka kumi.

Betri. Mimi.

Korido nzima inajua nilikwenda kumuuguza kaka yangu. Sina kaka. Leo nimefungua duka na wa kwanza kunipokea ni yule jirani wa mlango wa mbele, hatua nne kutoka kwangu, tunayemwita Betri. Anabadilisha betri na mikanda, dakika mbili kila mteja, huku anapiga mluzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kaka anaendeleaje. Sikujiandaa. Nikasema amefariki. Nimepokea pole za korido hadi saa sita mchana.

Masharti ya daktari: nisiinue mkono wa kushoto kupita bega, nisibebe kizito, nisikiguse kidude. Sikigusi. Nakiweka sawa tu. Kina umbo la saa ya kiume iliyovuliwa mkanda na kimekaa upande, kama saa saba hivi, wakati kitu chochote chenye mashine ndani kinatakiwa kusimama saa sita. Kila asubuhi naitia ufunguo saa ya marehemu baba, na vidole vikishaonja kazi vinapanda vyenyewe kifuani. Mzunguko mmoja. Nilianza Jumatatu iliyopita, kidonda kilipokauka. Hakiumi. Kikizunguka chote kinarudi saa saba. Kikaidi.

Mizunguko: mmoja, kulia. Jumla hadi leo: minane.

Jumanne, 4 Machi

Sijapata kushtuka namna hii tangu nizaliwe.

Saa tatu asubuhi. Nimeshika kwa kibano skrubu ndogo kuliko ufuta. Lenzi jichoni. Kimya. Kifungo cha shati langu kikagonga ukingo wa meza. Tik. Nikatazama chini. Tik. Hakuna mtu, hakuna upepo. Tumbo langu, chini ya mbavu za kushoto, lilikuwa linaruka lenyewe. Skrubu nayo ikaruka. Hadi sasa sijaiona.

Nikadhani ni kwikwi, lakini haikuwa na sauti. Nikanywa maji, nikabana pumzi, nikajipiga mgongoni. Tik, tik, tik. Nikachukua saa ya baba, nikahesabu. Sitini kwa dakika. Nikarudia. Sitini. Niliogopa, ila ukweli wa kazi lazima niuandike: sijawahi kukutana na kitu kinachopiga sawasawa kiasi kile.

Katikati ya balaa hilo akaingia Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana, mama mrefu asiyependa kukaa. Saa kubwa ya ukumbini imesimama mwaka wa pili. Anataka itembee. Betri akatokeza kichwa kwenye mlango wake bila kuitwa, akasema kwa heshima zote kwamba inawezekana kutoa matumbo yote ya zamani na kuweka kimashine cha betri chenye ukubwa wa kiganja, nusu saa tu kazi imekwisha. Mwalimu Mkuu akamwangalia kwa hamu. Nikasimama. Nikasema saa ile itatembea kwa ufunguo au mimi nitaacha kazi.

Akakubali, kwa sharti. Jumatatu ijayo, mkutano wa asubuhi, ataipima kwa saa ya redio. Ikikosea zaidi ya dakika moja, Betri apewe, matumbo yatupwe.

Niseme kwa nini nilisimama. Saa ile ilifungwa na bwana aliyenifundisha kazi. Kwenye gurudumu lake la ndani alikwaruza jina lake kwa sindano, na chini yake, kwa ruhusa yake, langu. Ni saa ya mwisho ya ufunguo inayotumiwa na umma katika mji huu. Ikitiwa betri, nami nina betri, basi nilichokisema miaka thelathini na nne kilikuwa kelele tu.

Muda wote huo kifungo kinagonga meza. Mwalimu Mkuu akauliza ni saa gani hiyo yenye sauti nzuri. Nikamwonyesha mojawapo ya ukutani. Akavaa miwani, akaisogelea. Ilisimama mwaka juzi.

Nimefikiri. Kidude kinaruka kwa sababu hakijakazwa. Mizunguko: miwili, kulia. Jumla: kumi.

Jumatano, 5 Machi

Chakula cha mchana nyumbani. Maji kwenye glasi ya mke wangu yalikuwa yanafanya duara, moja kila sekunde. Akaweka kijiko chini. Akauliza ni nini. Nikasema gesi. Akasema gesi haihesabu.

Akauliza kama nakigusa. Nilishtuka. Miaka thelathini na moja ya ndoa halafu swali kama hilo! Nikamwambia sikigusi, na wakati ule ulikuwa ukweli mtupu, mkono ulikuwa na kijiko. Akasema anapiga simu hospitali. Nikamwambia kliniki yangu ni tarehe kumi na saba, tusiwasumbue watu. Mke wangu ni mshonaji, amezoea kuona kasoro pasipo na kasoro.

Kisha akanipa habari nyingine. Wanawake wanne wa mtaa walikuja asubuhi kumpa pole kwa kufiwa na shemeji. Walikaa saa mbili. Wakauliza marehemu aliugua nini. Ikabidi atunge. Aliwaambia shemeji alikufa kwa ukaidi.

Mpango wa mchana: nimechukua lastiki pana kwenye kapu lake la kushonea, mita tatu, nikajifunga tumbo, nikavaa koti juu. Tumbo likatulia machoni. Ila lastiki ilipeleka kila pigo kwenye suruali, na suruali ikawa inashuka kidogo kidogo. Nimehudumia wateja watatu nikiwa nimebana viwiko kiunoni. Betri akauliza koti la nini kwenye joto hili. Nikamjibu msiba.

Hakuondoka. Alitazama tumbo langu muda mrefu, mluzi ukakatika. Akasema taratibu kwamba mama yake mzazi naye aliwahi kuruka hivi, na kwamba ni vizuri mzee uende ukaonwe. Nikamuuliza mama yake ni fundi saa? Akasema hapana. Nikamwambia basi. Yule bwana ananitafutia njia ya kuniondoa kwenye kazi ya shule. Anajifanya ana huruma. Nimemjua.

Mizunguko: mitatu, kulia. Jumla: kumi na mitatu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ushindi! Niandike yote.

Nimefika ukumbini saa moja na nusu. Ngazi, mafuta, brashi. Mkono wa kushoto haukupita bega, au ulipita mara chache. Nimeitoa mashine, nimeiosha, nimeona majina yetu mawili kwenye gurudumu, yapo kama jana. Nimeirudisha. Nimeitia ufunguo. Ikaanza kutembea na nikakaa chini kwenye ngazi kwa sababu macho yalifanya kiza. Njaa hiyo. Sikunywa chai.

Sasa kuiweka sawa. Pendulamu yake inapiga mara moja kwa sekunde, na chini kabisa kuna nati: ukiikaza saa inaharakisha, ukiilegeza inazembea. Unahitaji saa nyingine ya kuaminika ya kulinganishia. Saa ya baba inachelewa dakika nne kwa siku, naitunza kwa kumstahi marehemu tu. Simu siiamini. Nikakaa kwenye kiti mbele ya saa, nikiwaza, na tumbo likawa linaruka. Tik, tik, tik. Sitini kwa dakika, ndani ya mwili wangu mwenyewe! Kwa nini nitafute?

Nikaweka kiganja tumboni. Hapakusikika vizuri. Nikafungua lastiki, nikaweka mkono wa kulia juu kidogo, usawa wa moyo, macho kwenye pendulamu. Nikakaza nati, nikasikiliza. Nikalegeza, nikasikiliza. Wasichana wa kwaya waliingia kufanya mazoezi. Waliniona mzee amesimama wima mbele ya ukuta, mkono kifuani, hapepesi macho. Wakaacha vitabu, wakapanga mstari nyuma yangu, wakasimama wima nao. Tulisimama hivyo robo saa. Mwalimu wao alipoingia naye alivua kofia.

Mwishowe mapigo mawili yakawa moja. Saa ya shule na mimi tulikubaliana. Nimetokwa na machozi, sioni haya kusema.

Mizunguko: hakuna. Kipimo hakiguswi.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu Mkuu amemtuma mhudumu wa ofisi na karatasi. Saa imekwenda mbele dakika kumi na mbili ndani ya siku moja. Wasichana walitoka mapumziko mapema, wananisalimia sana. Yeye hanisalimii. Jumatatu ni nafasi ya mwisho, na Betri atakuwepo na kimashine chake mfukoni.

Dakika kumi na mbili! Saa haina kosa, niliikagua jino kwa jino. Basi kosa ni la kidude. Kimenidanganya usoni, mchana kweupe. Niliwaambia watu miaka yote hii: betri haina uaminifu.

Betri alikuja na kikombe cha chai, akakiweka mezani. Sikunywa. Baadaye nilikunywa, kwa sababu kichwa kilikuwa chepesi. Ngazi sita za korido nimezipanda kwa vituo viwili.

Kidude lazima kikazwe hadi kiwe na adabu. Mizunguko: minne, kulia. Jumla: kumi na saba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka, tumbo limetulia. Nikasubiri. Kimya. Nimepona! Nimejiponya kwa vidole vyangu wakati madaktari wamesoma miaka saba! Kwa furaha nikakiongeza mitatu, kuimarisha.

Nikatoka kununua mafuta ya mashine. Njiani mkono wangu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe. Kiwiko kikakunjika, vidole vikachanua, ukashuka. Ukanyanyuka tena. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama jirani yetu wa ukuta mmoja, yule tuliyenuniana naye tangu mambo ya mfereji wa maji, mwaka wa pili sasa. Akaona nampungia. Akasita. Akanipungia. Nikaendelea kumpungia, ningefanyaje? Akavuka barabara akiwa na machozi, akanikumbatia, akasema msiba wa kaka umenifundisha jambo kubwa, na kwamba yeye ndiye aliyekosa tangu mwanzo.

Amekuja kunywa chai. Amekaa hadi saa kumi. Mkono nimeukalia.

Mizunguko: mitatu, kulia. Jumla: ishirini.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenishika kifundo cha mkono mezani na kutazama saa ya ukutani. Akahesabu kwa midomo. Thelathini na nane. Akahesabu upya. Thelathini na nane. Akasema twende sasa hivi. Nikasema kesho, baada ya saa ya shule, saa sita kamili, naapa. Akasema basi nisiende peke yangu kwenye ngazi. Nikasema sitaki kusimamiwa kama mtoto.

Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akasema pole za msiba ameshazipokea mara moja mwezi huu na hana nguvu ya kuzipokea tena. Akaingia jikoni. Nilitaka kumfuata, nikaogopa kizunguzungu kitaonekana.

Nilijaribu kukirudisha. Mmoja, kushoto. Msuli wa kifua ukaruka hata nikajing'ata ulimi. Nikaogopa, nikakipeleka kulia haraka, mitatu. Sasa mkono umeacha na kifua ndicho kinachocheza. Mfuko wa shati unapanda na kushuka, kalamu inatoka yenyewe.

Jumla, ukitoa ule mmoja: ishirini na miwili.

Alhamisi, 13 Machi. Wodini

Siku tatu sikuandika. Daftari halikuwa kwangu. Nitafika hapo.

Jumatatu. Ukumbi umejaa, wasichana mia nne. Mwalimu Mkuu na redio yake ndogo jukwaani. Betri karibu na ngazi, mkono mfukoni. Nikapanda. Kifua kinaruka, kalamu ikanidondoka mfukoni na kuwagonga wa mstari wa mbele. Nikanyoosha mkono kuigusa nati. Naikumbuka nati. Nakumbuka nikiwaza kwamba saa imesimama, mbona haisikiki. Haikuwa imesimama.

Nilizinduka nikiwa juu ya kitu laini. Kilikuwa Betri. Alikuwa amesimama chini ya ngazi makusudi, tangu mwanzo, mikono tayari, ndio maana nilimwangukia vizuri. Alinigeuza, akafungua shati langu mbele ya wasichana mia nne, akaona kovu, na akapaza sauti nisiyowahi kuisikia kwake. Alisema mpisheni apate hewa, leteni gari, mzee huyu ana betri kifuani.

Ana betri kifuani. Ukumbi mzima. Mwangwi wa ukumbi ule ni mzuri, bwana wangu alikuwa akiusifia. Nililala pale na kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa aibu, wala si kuogopa kufa. Kuogopa kulikuja kwenye gari la Mwalimu Mkuu.

Jumanne. Picha ya eksirei. Daktari aliiweka kwenye taa, akamwita mwenzake. Fundi wa mashine ya kupimia kidude akainama kuitazama. Waya uliotakiwa kuwa moyoni haukuwa moyoni. Ulikuwa umejiviringisha wote kuzunguka kidude. Mke wangu akasogea, akatazama mara moja tu, akasema: hii ni bobini ya cherehani.

Daktari akaniuliza kama nimewahi kukizungusha. Nikasema labda lifti ya hospitali inatikisa. Akamwuliza mke wangu kama nilikuwa naandika daftari la hali yangu, kama nilivyoelekezwa. Mke wangu akafungua mkoba. Alilichukua dukani asubuhi ile, hakulisoma, alidhani limejaa usingizi na maumivu.

Daktari alilisoma lote. Kwa sauti. Mke wangu amekaa pembeni yangu. Alisoma kuhusu saa ya plastiki na akanionyesha saa yenyewe, akasema alipewa na mama yake alipofaulu, na haijakosea hata sekunde. Alisoma kuhusu mtu anayeona kasoro pasipo na kasoro. Alipofika kwenye kijiko na ukweli mtupu, mke wangu alitazama dirishani. Fundi wa mashine alikuwa amehesabu mizunguko ishirini na mmoja kwenye picha. Daktari akajumlisha ya daftari, akapata ishirini na miwili. Wakabishana. Ikabidi nizungumze. Nikasema daftari ndilo sahihi, mimi ni mtu wa vipimo. Wakageuka wote wawili kunitazama.

Akanieleza kama anayemweleza mteja. Kila mzunguko ulivuta waya nyuma. Ulipotoka moyoni ukawa unapiga umeme wake pale ulipofika: kwanza neva ya kiwambo cha kupumulia, ndio tumbo likaruka, kisha neva za mkono, mwisho msuli wa kifua, nyumbani kabisa. Kidude kilifanya kazi yake vizuri, pigo baada ya pigo, ila moyo haukupata hata moja tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Na saa ya shule? Kidude kimewekwa kiharakishe kidogo mtu akijishughulisha. Nilikuwa nimetoka ngazini. Hakikunidanganya. Kilidhani nahangaika, nacho hakikukosea.

Pale ngazini moyo wangu ulisimama sekunde sita, au zaidi. Watu husema sekunde sita kama jambo dogo. Mimi najua urefu wake. Nimewahi kurekebisha saa usiku na mchana kwa ajili ya kosa la sekunde sita. Pendulamu inakwenda na kurudi mara tatu. Mke wangu alinishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza, na mimi nikalia mbele ya daktari wa saa ya plastiki. Sitaki kufa. Nimeandika ili ijulikane.

Jana wamenipasua upya. Waya mpya, na kidude kimeshonwa kwenye msuli kwa uzi usioyeyuka. Nimeapa mbele ya mashahidi.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Mke wangu amenishonea fulana. Kitambaa kigumu cha mifuko ya kazi, shingo imepanda, vifungo kumi na kimoja, vyote mgongoni. Anavifunga asubuhi na kuvihesabu jioni. Ameniambia habari ya kaka yangu amekwisha kuisahihisha mtaani. Jirani wa mfereji hakununa tena. Amesema kupatana ameshapatana, hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya maiti asiyekuwepo.

Betri alikuja na mfuko wa matunda. Mbavu zake zimefungwa bandeji, mbili zina ufa. Hakutaja nani alimwangukia. Mama yake anacho kidude miaka sita sasa, kumbe alijua tangu siku ya koti. Akaniambia saa ya shule inatembea. Nikajiandaa kusikia habari ya kimashine. Akasema hakukitumia. Aliisikilizia redio siku tatu, akigusa nati kidogo kidogo, na matumbo yote yamo ndani, na majina yetu ameyafuta vumbi. Hakupenda, alisema, kumwona mzee anatoka wodini na kukuta ukuta una maiti.

Kisha akatoa ufunguo wa ile saa, ule mkubwa wa shaba. Inataka kutiwa ufunguo kila Ijumaa. Amezungumza na Mwalimu Mkuu, na mke wangu, na daktari pia: kazi hiyo nipewe mimi hadi nichoke. Mke wangu akasema vidole hivi vikikosa cha kuzungusha vitamuua mtu.

Nilitaka kushukuru vizuri. Nilisema mluzi wake unapotoka nje ya tuni. Nadhani alielewa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetia ufunguo saa ya shule. Mizunguko kumi na minne, mizito, mitamu, mkono wote ukashiba. Betri alishika ngazi. Mwalimu Mkuu alisimama na redio: sawa kwa sekunde. Wasichana waliokuwa ukumbini waliweka mikono kifuani bila kuambiwa, na safari hii nilijua ni kwa ajili yangu.

Betri aliniomba jambo moja tu: tia ufunguo, nati ya chini usiiguse. Hakuna aliyeigusa. Ila ilikuwa imekaa upande kidogo, jicho la fundi halilali, nikaisogeza kiasi cha unywele. Hatajua.

Bango la duka nimelirekebisha. Linasema BETRI HAPANA, ISIPOKUWA KWA DHARURA.

Mke wangu amekwenda kupeleka nguo za mteja, atarudi saa kumi na moja. Fulana yake ni kazi nzuri, nampongeza. Kasoro moja tu. Rula yake ndefu ya mbao, ukiipitisha begani, inafikia kifungo cha tatu kutoka juu, na kikifunguka hicho shingo inalegea vidole viwili. Daftari hili sasa linakaa ndani ya ile saa ya ukutani iliyosimama mwaka juzi, nimeileta nyumbani kutoka dukani, hakuna anayeifungua.

Daktari amesema kwa uzi ule kidude hakiwezi kuzunguka tena. Sawa. Lakini fundi hapokei neno bila kulipima. Sikizungushi. Nahakikisha tu kwamba hakizunguki.

Mizunguko: hakuna. Robo tu, kushoto.